Ahadi ni deni, hata kwa prosesa

Leo tunashuka chini kabisa. Chini ya lugha za programu, chini ya mfumo endeshi, mpaka pale prosesa inapoandika namba kwenye kumbukumbu. Najua kuna watakaosema, "huyu naye ameanza tena mambo yake." Vumilieni kidogo. Kama una simu mfukoni yenye viini vinne au vinane, jambo hili linakuhusu hata kama hujawahi kuandika mstari mmoja wa programu.

Nianze na swali jepesi. Hii hapa mistari miwili ya lugha ya C:

kilo = 23;
tayari = 1;

Upi unatangulia? Mtoto wa darasa la tatu atakwambia ni ule wa juu. Na kama programu ina uzi mmoja tu, mtoto huyo hajakosea, kwa sababu programu yenyewe haiwezi kuona tofauti yoyote. Lakini weka uzi wa pili kwenye kiini kingine, uwe unachungulia visanduku hivyo viwili vya kumbukumbu. Hapo jibu linageuka kuwa "inategemea". Kiini cha pili kinaweza kukuta "tayari" imeshakuwa 1 huku "kilo" bado ina namba ya zamani.

Hiyo si hitilafu ya kiwandani. Imeandikwa waziwazi katika vitabu vya maelezo ya prosesa. Na wahusika ni wawili.

Wa kwanza ni kompaila. Kazi yake ni kuifanya programu yako iende mbio, na ikiona mistari miwili isiyotegemeana, ina ruhusa ya kuigeuza. Inaweza pia kuweka namba ndani ya rejesta na isirudi kuitazama kwenye kumbukumbu tena.

Wa pili ni prosesa yenyewe. Kuandika kwenye kumbukumbu ni kazi ya polepole ukilinganisha na kasi ya kiini. Kwa hiyo kiini hakisubiri. Kinaweka maandishi yake kwenye bafa ndogo iliyo pembeni, kisha kinaendelea na shughuli nyingine. Maandishi hayo yatafika kwenye kache baadaye, na kwa aina fulani za prosesa hayalazimiki kufika kwa mpangilio ule yalivyoingia. Vilevile katika kusoma: kiini kinaweza kusoma kitu mapema, kabla ya zamu yake, ili kisikae bure.

Mfano wa nyumbani. Umetuma mzigo kwa basi kutoka Nairobi kwenda Kisumu. Dakika hiyo hiyo unampigia ndugu yako: "Mzigo umefika." Simu ni nyepesi kuliko basi, kwa hiyo habari imefika na mzigo bado uko Naivasha. Ndugu yako akienda ofisini kwa basi atakuta nini? Atakuta mzigo wa juzi, na ataubeba huo huo.

Dawa yake? Usipige simu mpaka uhakikishe mzigo umepokelewa. Hicho ndicho kizuizi cha kumbukumbu upande wa mwandishi. Lakini angalia upande wa pili pia. Tuseme ndugu yako alimtuma kijana asubuhi akachungulie rafu, na ulipopiga simu mchana hakwenda tena, alitumia majibu ya asubuhi. Wewe umetimiza wajibu wako wote, na bado amepata habari ya zamani. Yeye naye anahitaji kizuizi: asitazame rafu kabla ya kupokea simu. Vizuizi viwili, kimoja kila upande. Shika hapo, maana ndipo wengi wanapopotelea.

Sasa niwaambie kwa nini nilijikuta nasoma vitabu vya prosesa usiku wa manane.

Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa programu ya mizani ya majani chai. Mteja simtaji, na programu ilikuwa imeandikwa zamani na mtu mwingine. Kazi yangu ilikuwa kuihamisha kutoka kompyuta ndogo yenye prosesa ya ukoo wa Intel kwenda kifaa cha mkononi chenye prosesa ya ARM ya viini vinne. Uzi mmoja unasoma mizani, unaandika namba ya mkulima na kilo zake, halafu unapandisha bendera ya "tayari". Uzi wa pili unaingoja bendera hiyo, ukiiona unachapisha risiti.

Majaribio ya awali yalipita bila shida. Kisha vifaa vikapelekwa kwenye kituo kimoja vijaribiwe kazini, na baada ya siku kadhaa karani akapiga simu. Mama mmoja alikuwa amesimama mbele yake na risiti mkononi, akisema mizani ilionyesha namba moja na karatasi inasema nyingine. Karani alipotazama aliona jambo la ajabu: namba ya mkulima ilikuwa ya huyo mama, lakini kilo zilikuwa za jirani yake aliyepima kabla yake. Kilo zake zilikuwa zimepungua. Ikabidi tujiulize swali la pili, ambalo ni baya zaidi: ni wangapi walizidishiwa wakanyamaza?

Hapo ndipo hesabu ya nyuzi na kache inapoacha kuwa ya vitabuni. Kilo zile ndizo karo ya shule. Risiti ikisema uongo mara moja, mkulima hataiamini tena hata ikisema kweli mara elfu.

Niliufungua msimbo. Kati ya kuandika kilo na kupandisha bendera palikuwa na makro yenye jina la kizuizi. Kwa hiyo mwandishi wa kwanza alijua anachofanya! Nikaifuatilia makro hiyo mpaka ilipoelezwa, nikakuta hivi:

asm volatile("" ::: "memory")

Angalia alama za nukuu za mwanzo. Ndani yake hamna kitu. Mstari huu unaiambia kompaila isihamishe kusoma wala kuandika kupita hapo, lakini prosesa haipewi amri yoyote. Na kwenye mashine ya mwanzo hiyo ilitosha kabisa. Mwandishi yule hakukosea. Aliandika kwa ajili ya mashine aliyokuwa nayo, na mashine ile ilikuwa imempa ahadi ambayo hii mpya haijampa mtu.

Hilo ndilo ninalotaka tukae nalo leo. Kila aina ya prosesa ina orodha ya ahadi zake. Kizuizi ni njia ya kudai ahadi ambayo haimo kwenye orodha. Kwa hiyo kizuizi kile kile kinaweza kuwa kitupu kwenye mashine moja na kikawa amri nzito kwenye nyingine, na vyote viwili vikawa sahihi.

Tuzipitie ahadi zenyewe.

Leslie Lamport, mwaka 1979, alieleza ahadi ambayo kila mwandishi wa programu angeipenda: matokeo yawe kana kwamba shughuli za viini vyote zilipangwa kwenye foleni moja, na ndani ya foleni hiyo kila kiini kimefuata mpangilio wa programu yake. Ni ahadi nzuri sana. Prosesa za kawaida tunazonunua leo haziitoi bure, kwa sababu inazuia ule ujanja wa bafa na kusoma mapema.

Ukoo wa x86, yaani Intel na AMD, unakaribia. Kwa kumbukumbu ya kawaida, maandishi ya kiini kimoja yanaonekana kwa wengine kwa mpangilio yalivyoandikwa, na kusoma hakuonekani kuruka kusoma kwingine. Umebaki mwanya mmoja: kusoma kunaweza kulitangulia andiko la nyuma yake lililo mahali tofauti, kwa sababu andiko hilo bado limelala kwenye bafa. Fikiria watu wawili wanaokutana kwenye daraja la gari moja. Kila mmoja anainua mkono kusema "napita mimi", kisha anatazama kama mwenzake ameinua. Kwenye x86 wote wawili wanaweza kuinua, kutazama, na kila mmoja asiuone mkono wa mwenzake. Wakagongana katikati. Hapo ndipo unahitaji amri ya MFENCE, iliyokuja na Pentium 4 mwaka 2000, au amri yenye kiambishi cha LOCK, ambayo nayo ni kizuizi kamili. Programu ya mizani haikuwa na daraja la namna hiyo. Ndiyo maana makro tupu iliwatosha miaka yote.

ARM inaahidi machache zaidi. Maandishi mawili ya mahali tofauti yanaweza kuonekana kwa mpangilio wowote, na kusoma kuwili vilevile. Kizuizi chake katika ARMv7 ni amri ya DMB. ARMv8, iliyotangazwa mwaka 2011, ikaongeza amri mbili za kupendeza: STLR, yaani andika hiki baada ya yote yaliyotangulia, na LDAR, yaani soma hiki kabla ya yote yanayofuata. Ni ile simu ya mzigo na yule ndugu wa Kisumu, kila mmoja na amri yake.

PowerPC nayo ni huru kama ARM, na ina familia nzima ya vizuizi: sync iliyo nzito, lwsync iliyo nyepesi, na nyingine inayoitwa eieio. Ndiyo, hilo ni jina la amri ya kweli. Inahusika na mpangilio wa mawasiliano na vifaa vya nje. RISC-V ina amri moja ya fence ambayo unaiambia kinagaubaga ni kusoma gani na kuandika gani kutangulie.

Halafu kuna Alpha ya kampuni ya Digital, iliyotoka mwaka 1992. Haitengenezwi tena, lakini waliowahi kuandikia keneli ya Linux hawajaisahau. Kwenye mashine nyingine zote nilizotaja, ukisoma anwani kisha ukaenda kusoma kilichopo kwenye anwani hiyo, huwezi kupata cha pili kikiwa kizee kuliko cha kwanza. Ni jambo linaloonekana la lazima kabisa, maana utaendaje nyumbani kwa mtu kabla ya kuambiwa anakaa wapi? Alpha haikuahidi hata hilo. Kache yake ingeweza kukupa anwani mpya pamoja na yaliyomo ya zamani.

Unaona basi kwa nini neno "inafanya kazi kwangu" halina uzito hapa. Na kama unadhani nawatisha bure, tazama Apple. Walihama kutoka PowerPC kwenda Intel mwaka 2006, kisha wakaanza kuhamia prosesa zao za ukoo wa ARM mwaka 2020. Ili programu za zamani za Intel ziendeshwe kwa kutafsiriwa kwenye M1 bila kwenda kobe, waliweka ndani ya prosesa yenyewe swichi ya kufuata mpangilio wa x86. Mtu haweki kitu hicho kwenye silikoni kwa ajili ya hofu ya kufikirika.

Turudi kwenye kazi. Nilitaka kuiona hitilafu kwa macho kabla ya kuigusa. Nilijaribu kwanza kuongeza mistari ya kuchapisha ujumbe ndani ya nyuzi zote mbili. Hitilafu ikatoweka! Ndiyo tabia yake: kuchapisha kunabadilisha mwendo na kunatumia kufuli ndani yake, kwa hiyo unaleta vizuizi bila kujua. Nikaandika programu ndogo tu: nyuzi mbili, kila mmoja umefungwa kwenye kiini chake, na kila kisanduku kwenye mstari wake wa kache. Nikaiacha usiku kucha kwenye mashine zote mbili.

Asubuhi, ile ya zamani haikuwa na tukio hata moja. Ile ya ARM ilikuwa nayo. Nikaweka DMB upande wa mwandishi peke yake. Matukio yakapungua lakini hayakwisha. Nikaweka na upande wa msomaji. Yakaisha. Ndugu wa Kisumu hatimaye akaacha kutumia habari za asubuhi.

Lakini kutoona hitilafu si ushahidi kwamba haipo. Ushahidi ni kile kitabu cha maelezo ya prosesa. Majaribio yanakusaidia kujua unasoma ukurasa sahihi.

Je, niliacha DMB humo? Hapana. Kuandika amri ya kila mashine kwa mkono ndiko kulikotufikisha pale. Tangu mwaka 2011, C11 na C++11 zina njia ya kueleza ahadi unayoitaka bila kutaja mashine. Unaitangaza bendera kuwa ya atomiki, unaipandisha kwa memory_order_release, na unaisoma kwa memory_order_acquire. Kuachilia na kutwaa. Kompaila ndiyo inayojua deni la kila prosesa: kwenye x86 andiko la kuachilia ni amri ya kawaida tu ya kuandika, kwenye ARMv7 linawekewa DMB, kwenye ARMv8 linakuwa STLR, kwenye POWER linatanguliwa na lwsync. Msimbo mmoja, na kila mashine inalipa kile inachodaiwa.

Kuna kipande ambacho ni rahisi kukipita. Baada ya kuchapisha risiti, msomaji anarudisha bendera kwenye sifuri. Hilo nalo ni tangazo! Linasema: nimemaliza kusoma, unaweza kuandika juu yake. Kwa hiyo nalo linahitaji kuachilia, na mwandishi anahitaji kutwaa kabla hajaandika kilo za mkulima anayefuata. La sivyo umeziba mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

Na neno volatile je? Wengi wanalitumia kwa matumaini. Katika Java, tangu toleo la 5 la mwaka 2004, volatile kweli inaleta mpangilio kati ya nyuzi. Katika C haileti. Inaizuia kompaila isiache kusoma au kuandika kisanduku hicho, basi. Jina ni moja, ahadi ni mbili.

Mtu ataniuliza, mbona nisiweke kizuizi kamili kila mahali nikalala usingizi? Kwanza ni ghali. Kizuizi kamili kinaweza kukilazimisha kiini kungoja bafa yake iishe, na hiyo ni makumi ya mizunguko au zaidi kila mara. Pili, na hili ndilo kubwa, kizuizi kilichotupwa bila sababu hakimwambii msomaji wa msimbo chochote. Hajui kinalinda nini dhidi ya nini. Siku moja atakifuta, au ataogopa kukifuta, na yote mawili ni mabaya. Na kama kazi yako inaweza kufanywa na kufuli la kawaida, tumia kufuli. Vizuizi viko ndani yake tayari, vimewekwa na watu walioshinda na vitabu hivi.

Niliyoyatoa kwenye kazi ile, kwa wale watakaokutana na jambo kama hili:

Kila kizuizi kiandikie maelezo yanayomtaja mwenzake: "huku naachilia kilo, anayetwaa yuko kwenye uzi wa kuchapisha." Ukishindwa kumtaja mwenzake, huenda hana, na kizuizi cha upande mmoja hakizuii kitu.

Pima kwenye mashine yenye ahadi chache, si ile yenye ahadi nyingi. Siku hizi si shida, maana simu nyingi za Android zina prosesa za ARM, na Android imetengenezwa kwa kuzingatia viini vingi tangu toleo la 3.0 la mwaka 2011. Maabara unayo mfukoni.

Tumia ThreadSanitizer, iliyomo ndani ya kompaila za Clang na GCC. Haitazami kama prosesa yako imegeuza mpangilio leo. Inatazama kama kuna ahadi yoyote kati ya uzi unaoandika na uzi unaosoma. Kwa hiyo ingeipigia kelele bendera isiyo ya atomiki hata kwenye mashine ya Intel, miaka mingi kabla ya mtu kufikiria kununua kifaa kipya.

Na unapokabidhiwa msimbo wa zamani uupeleke kwenye mashine mpya, usiulize tu "unafanya kazi?" Uliza "ulikuwa unategemea ahadi ya nani?" Ahadi ni deni, lakini huwezi kumdai asiyekuahidi.

Kwa leo naishia hapo. Nikipata nafasi wiki ijayo nitaeleza jinsi kufuli lenyewe linavyotengenezwa kutokana na vipande hivi hivi, na kwa nini wenye busara hawatengenezi la kwao.